Kilimanjaro nimepanda, Olympus si kamlima tu?

"Habari kaka. Mimi ni mtu wa Arusha, naishi Ujerumani mwaka wa sita sasa, nina miaka 38. Mwaka 2017 nilipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu nikafika Gilman's, ile pointi ya ukingoni mwa kreta, kichwa kiliuma balaa lakini nilifika. Sasa mwanangu wa miaka 11 amekolea na hadithi za miungu ya Kigiriki, mara Zeus mara Poseidon, nimemuahidi nitapanda Olympus nikae kwenye kiti cha Zeus nipige picha nimletee. Wenzangu kazini wanasema mita 2,900 kwa mtu aliyeenda Kili ni kamlima tu, siku moja unapanda unashuka. Ila nimeona video ya ile sehemu ya mwisho nikafa ganzi, na mimi hata balkoni ya ghorofa ya sita huwa sisogei ukingoni. Likizo naweza kuchukua mwisho wa Mei au Septemba. Alafu mama kasikia, kasema huo mlima ni wa mashetani nisikanyage. Nishauri, nisije nikaaibika au nikafa."

Karibu sana dada. Swali lako umelianza na Gilman's ukalimalizia na mashetani, lakini neno zito kuliko yote umelipitisha pale katikati kimya kimya, balkoni. Hapo ndo kuna jibu lako lote. Mimi nilianza kwa kubeba mizigo Marangu, mgumu kama wagumu wengine, baadae nikawa gaidi msaidizi (muongoza wageni jamani, msinielewe vibaya), na miaka ya karibuni napeleka watu milima ya Ugiriki, na wateja walionipa shida Olympus mara nyingi ndo hao hao waliotoka Kilimanjaro na vyeti vyao. Wanakuja na kifua mbele, alafu wanakutana na kitu ambacho Kilimanjaro haikuwahi kuwauliza.

Tuanze na hewa, maana ndo hesabu ya wenzako wa kazini. Kilele kirefu kuliko vyote Olympus kinaitwa Mytikas, mita 2,917. Unapakumbuka Mandara, kile kibanda cha usiku wa kwanza pale msituni, ukiwa bado unacheka cheka na kupiga selfi? Mandara iko mita 2,720. Yaani mlima wote wa Zeus unaishia kama mita 200 tu juu ya kitanda chako cha siku ya kwanza. Juu ya Olympus presha ya hewa ni kama asilimia 70 ya ile ya usawa wa bahari, wakati kule Gilman's ulikuwa na nusu na kidogo hivi, ndo maana kichwa kilikuwa kinagonga, kila pumzi ilikuwa inaingia na oksijeni pungufu na mwili haujapewa muda wa kuzoea. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida unaanza kuonekana kuanzia kama mita 2,500, kwahiyo kale kakichwa kadogo unaweza kukapata, ukishuka kanaisha. Kwenye hili wenzako wako sahihi, hewa ya Olympus haitakusumbua.

Ila "siku moja unapanda unashuka" hapo wamekudanganya, au hawajawahi kutembea na magoti yao wenyewe. Barabara inaishia Prionia, mita 1,100 hivi. Kutoka hapo mpaka kileleni ni mita 1,800 za kupanda. Sasa kumbuka ule usiku wa kutoka kibanda cha Kibo kwenda Gilman's, ule uliokutoa machozi, ule ni kama mita 960 tu. Kwahiyo hao wanakwambia upande karibu mara mbili ya ule usiku na kushuka zote siku hiyo hiyo, kwenye mawe, na begi lako mgongoni, maana huku hakuna wagumu, nyumbu ndo wanabeba unga na gesi za vibandani lakini begi lako ni lako. (Ukikutana na hao nyumbu njiani, unasikia kengele kwanza, simama upande wa mlima usisimame upande wa bonde, wakikusukuma na mizigo yao hawaombi samahani.) Wapo wanaofanya siku moja, wanaume wa mbio za milimani na suruali zao fupi, waache. Wewe fanya siku mbili, ukiweza tatu. Siku ya kwanza Prionia mpaka kibanda cha Spilios Agapitos, mita 2,100, ni masaa matatu hivi kwa mwendo wetu ule wa pole pole, unalala, asubuhi unaondoka mwepesi.

Sasa twende kwenye balkoni. Marangu ni njia ya kutembea, mwanzo mwisho mikono iko mfukoni au kwenye fimbo. Ungepita Machame ungekutana na Ukuta wa Barranco, pale wageni wanakumbatia jiwe huku wanasali, ungekuwa na picha kidogo ya ninachokisema, lakini hukupita huko. Olympus kutoka kibandani unapanda njia ya kawaida tu, ya kuchosha, mpaka mgongo wa mlima unaoitwa Skala. Hadi Skala mtu yeyote mwenye pumzi anafika. Kutoka Skala kwenda Mytikas njia inaitwa Kaki Skala, na kwa Kigiriki maana yake ngazi mbaya, wenyeji hawakuipamba. Kwanza unashuka, na hiyo ndo inawamaliza watu, maana mwili ulishajiandaa kupanda alafu unaambiwa geuka, tazama mwamba, shusha mguu ukaupapase pa kukanyaga. Baadae unakata ubavuni ukifuata alama za rangi kwenye mawe, mikono inafanya kazi muda wote, na chini yako kuna sehemu ukiteleza husimami. Ni dakika 45 mpaka saa zima kwenda, na kurudi ni pale pale. Watu wamekufa pale, tena wengine ni wazoefu, na mara nyingi ni jiwe limedondoshwa na mtu wa juu au mvua imekuta watu katikati.

Na ule uoga wako usiuite ushamba, una sababu zake mwilini. Ukisimama kawaida, mwili unajishikilia kwa vitu vitatu, masikio ya ndani, misuli na nyayo, na macho. Macho yanatumia vitu vya karibu, ukuta, meza, mti, kujua kama umeyumba hata kidogo ili misuli irekebishe. Ukifika ukingoni vitu vya karibu vinapotea vyote kwa mpigo, kilichobaki kiko mita 500 chini, na macho hayawezi kusoma yumbo dogo kwa kitu cha mbali vile, kwahiyo unayumba kweli kidogo, ubongo unalinusa hilo, unapiga kengele, moyo unakimbia, magoti yanatetemeka, alafu unayumba zaidi. Ndo maana tunawaambia watu watazame mwamba ulio mbele ya pua yao, viungo vitatu viwe vimeshika muda wote, unahamisha kimoja tu. Inasaidia na inafundishika, ila haifundishiki siku ile ile pale Skala saa tatu asubuhi ukiwa na watu ishirini nyuma yako wanapumua. Nilishakuwa na kaka mmoja, mwili wa mnyanyua vyuma, Uhuru amefika mara mbili, akaganda kwenye lile bamba la kwanza kama mjusi ukutani, mikono imeng'ang'ania kiasi kwamba nilimbandua kidole kimoja kimoja. Tulitumia dakika 40 kurudi mita kama 15. Hakuumia hata kucha lakini njia yote ya kushuka hakuongea.

Kuhusu kiti cha Zeus, mwambie mwanao kuna marekebisho kidogo, na watoto wa miaka 11 wanapenda marekebisho. Kiti cha Zeus sio Mytikas. Ni kilele cha jirani, Stefani, mita 2,909 hivi, na ni kigumu kuliko Mytikas, wanaopanda ni watu wa kamba. Kinaitwa kiti kwa sababu ukikitazama kutoka Uwanda wa Mabinti wa Sanaa, wale binti tisa wa Zeus na Mnemosyne, Wagiriki wanawaita Muse, unaona kabisa mgongo wa kiti kikubwa cha mwamba umesimama wima, kama kile cha mwenyekiti kwenye ukumbi wa harusi. Kwahiyo ukikaa juu yake hukioni. Picha unayoitaka inapigwa kutoka uwandani, kiti nyuma yako, wewe mbele na jaketi lako. Na Wagiriki wa kale wenyewe sadaka zao hawakuzitoa Mytikas, mabaki yamekutwa kilele kingine cha mviringo, Agios Antonios, majivu, mifupa, vigae vya vyungu na sarafu. Walikaa mkabala wakavitazama vilele vya miungu kutoka hapo, sio wajinga wale.

Hapa nakuja kwenye kitu ninachokiogopa mimi binafsi kuliko Kaki Skala, mawingu. Homer, yule mshairi wa Wagiriki wa kale, anasema makao ya miungu Olympus hayatikiswi na upepo, hayalowi mvua, theluji haisogei. Uongo mtupu, au labda alikuwa anaongelea ghorofa ya juu zaidi. Huyo huyo anamwita Zeus mkusanya mawingu, na hapo ndo alipatia. Mlima huu umetoka karibu na bahari moja kwa moja, kutoka kileleni mpaka ghuba ni kama kilomita 18 hadi 20 tu. Asubuhi jua linapasha ubavu wa mashariki, hewa yenye unyevu ya baharini inapanda mlima, kila ikipanda inapoa, na hewa iliyopoa haibebi mvuke wote iliokuja nao, unageuka wingu. Saa tano unaona pamba moja imejishika kwenye Stefani, unasema ah nzuri, napiga picha. Saa saba huoni miguu yako. Saa nane radi. Kilimanjaro pia wingu linapanda mchana, lakini wewe huwa umeshapita juu yake, wingu liko chini kama godoro. Olympus ni mfupi mno kwa mchezo huo, kilele kiko ndani ya wingu lenyewe, ndani ya tumbo la radi.

Hata waliopanda wa kwanza kuandikwa, mwezi Agosti 1913, Waswisi wawili Frédéric Boissonnas na Daniel Baud-Bovy pamoja na mwindaji wa mbuzi mwitu wa Litochoro, mji ulio chini ya mlima, aitwaye Christos Kakkalos, waliingia kwenye wingu, wakapanda kilele wakaamini wamefika, wingu likafunguka wakaona kingine kirefu zaidi kimesimama pembeni kinawatazama. Wakaanza upya. Kakkalos inasemekana alitangulia peku peku. Sisi Marangu tuna Mzee Lauwo, muongoza wageni wetu wa zamani, wao wana huyu, na kibanda kimoja kule uwandani kinaitwa jina lake.

Kwahiyo saa ndo kila kitu. Ondoka kibandani saa 12 asubuhi, Skala uwe saa tatu, ikifika saa tano uwe unashuka hata kama umebakiza kidogo. Ukisikia radi hesabu sekunde toka mwanga mpaka mlio, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita, na ukisikia tu hata ikiwa mbali toka kwenye mgongo wa mlima, usingoje kuhesabu mara ya pili. Maji beba yote kutoka kibandani, lita mbili au zaidi, maana huo mlima ni mawe ya chokaa, maji yanazama ndani, huko juu hukuti chemchemi. Na usidanganyike na joto la Litochoro, kule chini unaweza kuwa unatoka jasho kwenye nyuzi 28 na juu ni nyuzi 10 na upepo unakula masikio.

Mwezi, chagua Septemba, bila kufikiria mara mbili. Mwisho wa Mei vibanda vinakuwa vimefunguliwa na maua ni mazuri kweli, lakini kwenye makorongo ya juu theluji bado ipo, na asubuhi inakuwa ngumu kama sinki, hapo unahitaji shoka la barafu na njumu za chuma na ujuzi wa kuzitumia, mguu mmoja tu ukiteleza unaondoka na mteremko. Septemba mwamba ni mkavu, radi zinapungua kidogo ukilinganisha na katikati ya kiangazi. Kitanda weka oda mapema hasa wikiendi, Wathesalonike wote wanahamia huko Jumamosi.

Sasa nikushauri kama mdogo wangu. Nenda Olympus, fika Skala, alafu badala ya kugeukia kulia kwenye ngazi mbaya, geuka kushoto, Skolio. Dakika kama 20, unatembea na miguu miwili kama binadamu, na kilele kina mita 2,911. Umepungukiwa mita sita na Mytikas, dada, mita sita, hiyo balkoni yako ya ghorofa ya sita inazidi hapo. Ukiwa Skolio unaiona Mytikas yote mbele yako na watu juu yake wadogo kama siafu. Ila usisogee ukingo wa upande wa Kazania, kuna shimo pale limekatika wima, kaa hatua kadhaa nyuma na huduma ya picha ifanyike ukiwa umekaa chini. Siku inayofuata kama magoti yanakubali zunguka Uwanda wa Muse kwa ajili ya picha ya kiti, ila muulize kwanza mtu wa kibandani njia ipi inafaa, maana moja ya njia za kukatiza ina kipande chembamba ambacho kwa uoga wako hukitaki, kuna nyingine inayoanzia chini sehemu inaitwa Gortsia, ndefu lakini ya kutembea tu.

Kama roho inataka Mytikas yenyewe, sikukatalii, ila isiwe safari hii bila maandalizi. Hapo Ujerumani kuna kumbi za kukwea kila mji, chama cha wapanda milima cha Ujerumani, Deutscher Alpenverein, kina matawi na kozi za wanaoanza, na uanachama unakuja na bima ya uokoaji milimani. Nenda miezi mitatu, ukamwambie mwalimu ana kwa ana kuhusu balkoni, akutazame ukiwa kwenye kamba, yeye ataona kwa dakika kumi kitu ambacho mimi siwezi kuona kwa maandishi. Ukija uajiri kiongozi mwenye leseni, mtu mmoja na wewe, na helmeti kichwani. Na kama uoga wako umefika mahali huvuki daraja la waenda kwa miguu au huingii lifti ya kioo, hiyo kamuone mtaalamu wa saikolojia, inatibika, mwamba sio mahali pa kuitibia. Magoti yakiuma kwenye ngazi, presha, pumu, upungufu wa damu, muone daktari kabla hujakata tiketi. Ukiwa mlimani kichwa kikiuma huku unatapika au unatembea kama mlevi, shuka, usingoje asubuhi, na ikibidi namba ya dharura ni 112.

Mama sasa, na hapa tumia heshima, usimcheke. Mwambie ukitua Thessaloniki umetua kwenye mji wa Wathesalonike wale wale wa barua za Paulo, na Beroya aliyokimbilia haiko mbali, na siku anga ikiwa safi Olympus unaonekana ng'ambo ya ghuba, kwahiyo Paulo mwenyewe alipokuwa pale mlima ulikuwa mbele ya macho yake. Huko juu, kwenye mita 2,803, kuna kanisa dogo la mawe la Nabii Eliya, na kwenye korongo la Enipeas kuna monasteri ya Mtakatifu Dionysios ya karne ya 16, Wajerumani waliilipua 1943 na magofu yake bado yanatembelewa. Hakuna anayemchinjia Zeus. Na nyumbani tuna Ol Doinyo Lengai, Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, una urefu unaokaribiana kabisa na Olympus, mbona Waarusha wa kila dini wanaupanda usiku na kurudi kazini Jumatatu. Akikataa bado, mpigie simu ukiwa kanisani kwa Eliya, kama mtandao upo.

Mwanao akitaka kuja, mlete, lakini yeye mpeleke korongo la Enipeas, kuna madaraja ya mbao na madimbwi ya maji ya kijani, baridi ya kukata pumzi, alafu Dion pale chini, mji wa ibada ya Zeus ambako mfalme Alexander Mkuu alitoa sadaka kabla ya kuvuka kwenda Asia. Huko atakimbia anavyotaka. Asiokote jiwe wala kuchuma ua, ile ni hifadhi ya taifa tangu 1938.

Zawadi ya mama nunua Litochoro, kuna majani makavu wanaita chai ya mlima, yanauzwa yamefungwa fungu fungu na vijiti vyake. Unachemsha, unaweka asali. Mwambie mapema asitie maziwa, mimi mama yangu alitia.